Bondo la Baba Mkwe

Nathaniel alilitoa bondo kwenye kabati la kioo la baba mkwe wake, akalifunga kwa kanga kama mtoto mchanga anayepelekwa kliniki, akatoka nalo kwa mlango wa jikoni. Mzee Ngosha na mkewe walikuwa msibani Misungwi mpaka Jumamosi. Ufunguo walimwachia binti yao Selina, wakamwonya asimpe mumewe. Ubaya ulioje, kumshuku mtu bila sababu.

Bondo, kwa asiyelijua, ni lile puto la tumboni mwa sangara. Likikaushwa linakuwa na rangi ya asali, na wanunuzi wanaligombania kuliko samaki mwenyewe. Hili lilikuwa refu kama mkono wa mtu mzima. Kila mgeni aliyekanyaga sebule ile ya Ilemela alisimuliwa habari zake.

"Samaki huyu alikuwa mzito kuliko mkwe wangu," Mzee alikuwa akisema. "Na akili alimzidi."

Nathaniel alicheka pamoja na wageni, kutoka kwenye kigoda chake karibu na mlango. Mkwe mwenye adabu hasogelei vitu vya wakwe. Miaka sita ya ndoa, hakuwahi hata kulipangusa vumbi.

Zamani lilining'inia ukutani. Mwaka juzi, mwaka uleule Mzee alipoezeka nyumba upya na kununua pikapu kwa neema za Bwana, alilitengenezea kabati. Paka wa pale, mwizi anayechomoa dagaa kwenye sufuria inayochemka, alilala juu ya kabati hilo bila kunusa chochote. "Hata paka ana heshima," Mzee alisema, akimtazama mkwe wake.

Mpango ulikuwa mwepesi. Nathaniel angetengeneza bondo la raba, alirudishe kabatini, na lile lenyewe aliuze. Mnunuzi alishaona picha. Angepata injini ya mtumbwi, aache kubeba magunia ya mabondo kwenye stoo ya baba mkwe. Akigundulika, Selina anarudi kwao. Mzee alikuwa akitafuta sababu tangu siku ya harusi, na alilitamka hilo kwenye kipaza sauti.

Ufundi aliupata kwa Jasmin, aliyekuwa akifundisha akina mama kutengeneza kalibu za kumiminia sabuni, uani kwake karibu na uwanja wa ndege. Unapima raba ya maji na dawa yake kwenye mizani. Unakoroga polepole kama uji wa mgonjwa. Unamimina kutoka pembeni, uzi mwembamba, usifungie hewa ndani. Siku ya kwanza Jasmin alimimina juu ya kifungo, juu ya jiwe, juu ya gunzi la hindi, hata juu ya kidole chake mwenyewe. Raba ilipoganda, kila kimoja kilichomoka safi, kikaacha umbo lake ndani.

"Kaka Nathaniel, bado siku tatu. Kesho usikose."

"Mwalimu, mimi nimeshaelewa."

"Siku moja tu?"

"Wengine tumezaliwa na mikono."

Basi akaenda na mikono yake nyumbani. Alipolifungua lile bondo alishangaa kidogo, maana lilijipinda kama soli ya ndala. Yale ya kwenye magunia yalikuwa makavu kama mbao. Mtu mjinga angejiuliza. Nathaniel, mtaalamu, alijua mara moja kwamba bondo la daraja la juu hulainishwa na unyevu wa ziwa.

Alililaza kwenye boksi la biskuti, akaziba pembe kwa gundi ya karatasi, akamimina.

Selina aliporudi kutoka sokoni alisimama mlangoni, kikapu kichwani. "Baba Queen, sabuni gani hiyo ndefu?"

"Ya kufulia mablanketi."

"Kumbe naishi na msomi, na sina habari."

Asubuhi alichana boksi. Likabaki pande jeupe, zuri, lisilo na tundu hata moja. Alipitisha wembe ubavuni, akingoja lifunguke kama andazi. Halikufunguka. Alikata zaidi, akitafuta mpaka kati ya nyeupe na rangi ya asali. Rangi zilikuwa mbili, nyama ilikuwa moja. Alivuta, akakanyaga, akavuta tena, akaomba kwa jina la Yesu. Kilitoka kipande kimoja, nusu nyeupe, nusu asali.

Simu ikalia. Ilikuwa Ijumaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mazishi yamekwisha mapema. Tuko Usagara hapa, mama yako ananunua nyanya. Mwambie Selina aweke maji ya chai."

Nathaniel alilitia lile pande kwenye mfuko wa salfeti na kuchukua bodaboda mpaka uani kwa Jasmin. Akina mama waliacha kukoroga wakamtazama.

"Mwalimu, raba yako ni mbovu! Imekula mali ya watu!"

Jasmin alilipindua, akalibonyeza kwa kidole gumba. "Ulimimina juu ya nini?"

"Bondo."

"Bondo la samaki?"

"La samaki, mwalimu. La Mzee Ngosha, baba mkwe wangu. Lile la kwenye kabati la kioo, Ilemela nzima inalijua. Yuko njiani, na mke wangu ataondoka leo! Ikwangue, ipashe moto, fanya lolote!"

"Raba hii haishiki samaki," Jasmin alisema. "Haishiki mti, wala jiwe, wala ngozi ya mtu. Inashikana na raba mwenzake tu. Hilo ni somo la siku ya pili."

Nathaniel alimtazama asielewe, akiendelea kuhema. "Sasa baba mkwe nitamwambia nini?"

Jasmin alikata kipande chembamba upande wa asali, akakiinua juani.

"Mwambie namsalimu," alisema. "Na ile rangi niliyomchanganyia mwaka juzi bado haijapauka."