Pikipiki Iliyopona Vibaya

Ustad Manzur, fundi wa karakana, alikuwa anaiharibu pikipiki makusudi, na mtaa mzima ulikuwa umemsimamia kuhakikisha anaiharibu sawasawa.

"Bado," alisema Bi Rashidan, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. "Inakoroma kama paka aliyeshiba. Sisi tunataka ile ya zamani."

"Bi Rashidan, kabureta ni moja na mikono yangu ni miwili. Hebu niache nipumue."

"Upumue? Watu tumefunga bila daku, wewe unataka kupumua!"

Manzur akainamia tena kabureta. Kosa lilikuwa lake, kama kumtengenezea mtu chombo chake ni kosa. Jana Allah Ditta, muuza maziwa, alimletea pikipiki iliyokuwa ikipiga mishindo kwenye ekzosi kila alipopunguza mafuta. Manzur akafungua kabureta, akasafisha jeti ya mafuta, akarekebisha skrubu ya hewa, akakaza na nati za ekzosi. Mashine ikatulia tuli. Akaitazama ikiondoka, roho yake kwatu.

Masikini, hakujua kwamba Ramadhani ile mtaa wa Telian ulikuwa ukiamshwa na mishindo hiyo tu. Mpiga ngoma ya daku alikuwa amehamia kwa mwanawe Karachi. Kipaza sauti cha msikiti hakisemi umeme ukikatika, na umeme wa alfajiri hukatika kila siku. Mzinga wa makaburini, ambao zamani ulilia daku na futari, ulibakiwa na baruti ya futari peke yake. Basi akabaki Allah Ditta na madebe yake ya maziwa, akikata kona ya msikiti: pwaa! pwaa! Watu wanaamka, wanakula. Leo alipita kimya kimya kama mwizi, na mtaa ukaamshwa na jua.

Kibaya zaidi, mke wa Manzur, ambaye humwamsha mumewe kwa kumfinya, alikuwa ameropoka kisimani kwamba wao walikula chapati za samli na mtindi.

"Si apige honi tu?" Manzur alijaribu kujitetea.

"Honi!" Bi Rashidan akacheka kwa hasira. "Honi tunazilalia tangu tumboni mwa mama zetu."

Maulvi Inayat, imamu wao, ndiye aliyetoa hukumu. Aliitoa kwa upole, jambo lililomtisha Manzur kuliko matusi.

"Fundi, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini pikipiki hii isipolia kesho, utapita wewe. Debe hili hapa, rungu hili hapa. Nyumba kwa nyumba, mpaka Idi."

Akaviweka juu ya meza, katikati ya spana. Manzur akayatazama magoti yake. Magoti yenyewe kusujudu tu yalikuwa yanalalamika, sembuse kupanda vichochoro vya Telian gizani, na kila mbwa wa mtaa anamjua kwa ubaya.

Akarudi kwenye kabureta. Akaongeza mafuta: moshi mweusi, mshindo hakuna. Akapunguza: injini ikazima. Akalegeza nati za ekzosi, na pikipiki ikatoa sauti ya aibu iliyowafanya watu wacheke pamoja na njaa zao.

"Hiyo hata kuku haimwamshi," alisema Allah Ditta.

"Sasa wewe ulikuwa unaiendeshaje?"

"Nilikuwa naendesha tu, Ustad. Ugonjwa ulikuwa wake, mimi unanihusu nini?"

"Kuponya ndiyo kazi yangu, Allah Ditta. Kuambukiza hakuna aliyenifundisha!"

Alasiri ikasonga. Vumbi likapanda kutoka upande wa mto, mbingu ikawa rangi ya chai ya maziwa, na jua likapotelea humo humo. Watu wakaanza kupungua mmoja mmoja, huyu akakaange bajia, yule akatandike mkeka. Kila mtu akakaa mbele ya sahani yake ametega sikio kuusubiri mzinga, kwa maana huko Telian hakuna anayeiamini saa ya mwenzake. Karakana ikabaki na Manzur, Allah Ditta na lile debe.

Koo la Manzur lilikuwa limekauka kabisa. Akaitazama skrubu ya hewa. Akazitazama nati za ekzosi alizozilegeza. Halafu akajipiga kofi la paji la uso.

"Lo! Mimi nautafuta ugonjwa mmoja, kumbe yalikuwa mawili yakisaidiana!"

Akaacha nati vile vile, zimelegea. Akafungua skrubu ya hewa nusu mzunguko, akaongeza na robo.

"Piga kiki. Vuta mafuta mpaka mwisho, halafu achia ghafla."

Allah Ditta akapiga kiki, akavuta mpaka mwisho, akaachia.

PWAAA!

Kunguru wakaruka wote kutoka kwenye nyaya. Debe likaanguka mezani, likabingirika mpaka mtaroni, na Manzur akaliacha liende zake. Allah Ditta akamkumbatia na harufu yake yote ya maziwa.

"Ndiyo hiyo! Tena imeishinda ya zamani!"

Juu ya ukuta ukachomoza mkono wa Bi Rashidan umeshika glasi ya sharubati nyekundu, barafu ikigongana ndani yake. Sahani ya bajia ikafuata.

"Haya, fundi, kunywa. Yamekwisha."

Nyuma yake vijiko vilikuwa vinagonga mabakuli, na nyumba hadi nyumba watu walikuwa wanasema bismillahi. Allah Ditta tayari alikuwa na bajia shavuni. Manzur alifurahi kusamehewa mpaka machozi yakamlengalenga. Akafumba macho, akaigugumia sharubati yote kwa pumzi moja. Mlangoni pa msikiti, Maulvi Inayat akafuta masharubu, akatema kokwa ya tende, akaweka mikono masikioni aadhini.

Ndipo, kule makaburini, mzinga wa futari ukalia.