Bastola ya Dubu

Bastola aliyoiweka Mzee Orville Tveit juu ya kaunta haikuwa na kasoro hata moja. Lyle Beckstrand, mwenye duka la silaha, alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana ndiye aliyeilegeza springi yake mwaka juzi, vidole vya mzee vilipoanza kukakamaa.

"Ichukue hii, unipe kubwa zaidi," Orville alisema. "Na ufanye haraka."

"Haraka ya nini, mzee wangu? Hata kahawa hujanywa."

Orville alitazama dirishani. Nje, ndani ya pikapu, binti yake Marlys alikuwa akimngoja, mkono mmoja umefungwa kitambaa shingoni, mwingine ukigongagonga usukani.

"Mkono wake unaendeleaje?" Lyle aliuliza. "Nasikia farasi kambwaga."

"Ndivyo anavyosema."

Habari ya dubu ilikuwa imeshazagaa mji mzima. Jioni moja ya juma lililopita aliingia zizini kwa Tveit, ndama wakiwa wachanga kabisa, mzee akamfyatulia risasi na kumkosa. Mgahawani watu walicheka mpaka wakapaliwa na kahawa. Orville huyu huyu, mlengaji aliyeogopwa na kila mbweha wa Montana, leo anakosa dubu mzima! Wengine hawakucheka. Walisema muda wake umefika, avue bastola, ajikalie ndani na blanketi lake, Marlys aangalie ng'ombe. Walisema kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma Lyle zaidi. Mzee yule hajatoka nje ya mlango wake bila bastola kiunoni tangu alipooa. Lyle akaapa moyoni kwamba leo hatamwacha aondoke bila silaha itakayomrudishia heshima yake.

Akaanza na ya kisasa. "Hii huna haja ya kuikoki. Unavuta triga tu, inalia. Dubu hamsubiri mtu, mzee."

"Sitaki."

"Ishike kwanza, uone ilivyo—"

"Nimesema iondoe hiyo hapa!"

Lyle aliiondoa, amepigwa na butwaa. Orville hakuwa mtu wa kupayuka. Sasa alikuwa akihama mguu huu na huu, akivua kofia na kuivaa tena, jicho moja kwenye kabati la vioo na jingine kwa Marlys.

"Nipe zile zetu za zamani," alisema kwa sauti ya chini. "Za kukoki kwa mkono, unavuta nyundo ile ya nyuma kwa kidole gumba kila unapotaka kupiga. Risasi nene."

Lyle akatabasamu. Mzee bado ni yule yule. Akamtolea moja nzito, mpini wa mbao nyeusi. Orville akaweka kidole gumba, akavuta, nyundo ikarudi nyuma bila taabu.

"Aa, safi!" Lyle akashangilia. "Nani kasema umezeeka?"

Orville akaishusha nyundo polepole, akairudisha bastola kaunta. "Nyingine."

Ya pili ilimtoa jasho. Aliuma meno, lakini mwishowe ikakubali. Lyle alikaribia kupiga makofi. Orville aliiangalia kwa chuki, kama mtu aliyetukanwa.

"Nyingine, Lyle. Huna ngumu kuliko hii?"

"Ngumu? Unataka ngumu za nini?"

"Nyingine!"

Chini ya rafu palikuwa na dude moja lililokosa mnunuzi. Lilikuwa la mchimba visima mmoja mwenye mikono kama sepetu, naye alilirudisha akilalamika kwamba nyundo yake imeota mizizi. Lyle alilitoa kwa aibu, ili tu mzee aone kwamba dukani hakuna kilichofichwa.

Kidole cha Orville kiliteleza. Akajaribu tena, kikateleza tena. Akaibana bastola katikati ya magoti, mtutu ukitazama sakafu, akavuta kwa vidole gumba vyote viwili mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Nyundo haikusogea hata kidogo. Lyle aligeuka, akajifanya anapanga maboksi. Hakutaka kumwona mzee akishindwa.

"Basi, usijiumize," alisema. "Niachie mpaka Jumatatu niilegeze springi, kama nilivyofanya ile. Utaivuta kwa kidole kimoja."

"Usiiguse."

"Lakini mzee—"

"Usiiguse, Lyle! Naichukua hivi hivi."

Akaisukuma ndani ya ala ya kiunoni mwake. Ilikuwa nene kidogo, akaikandamiza mpaka ikaingia. Halafu akashusha pumzi, na mabega yake nayo yakashuka.

Lyle alishindwa kuvumilia. "Mzee Orville, nitakuambia ukweli hata kama utanichukia. Huwezi kuikoki hiyo. Dubu akirudi utafanya nini, umrushie? Si bora utembee na fimbo?"

"Fimbo nitaitupa." Orville alijipapasa kiunoni. "Mkono huu una mambo yake. Unakuja hapa wenyewe, hata wakati mimi mwenyewe sipo. Ukipakuta patupu, utaenda kutafuta bastola nyingine, na kule nyumbani hazikosekani."

"Sikuelewi."

"Leo nina akili zangu, ndiyo maana nina haraka. Kesho sijui." Macho yake yalikuwa dirishani. "Yule dubu, Lyle. Nilipomfyatulia, aliniita baba."