Mnunuzi Aje na Watoto

Mnunuzi wa tisa alikuwa amelala chali chini ya gari, miguu tu ndiyo inayoonekana, mjane alipomuuliza kama ana watoto.

"Watoto?" sauti ilitoka uvunguni. "Mama, mimi natafuta kama oili inavuja."

"Tangazo lilisema mje na watoto."

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa ameegemea geti. Aliangalia juu, akashusha pumzi. Tangazo hilo alilibandika yeye, tena kwa kuona haya: gari kubwa la marehemu, milango minne, viti vya ngozi, limetulia barabarani. Mnunuzi aje na watoto wake.

Mtu yule alitoka chini, akajipangusa mikono. Alikuwa dereva wa teksi wa miaka mingi, si mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Aliwasha injini, akasikiliza kwa kichwa kilichoinama kama daktari. Akafungua buti, akainua zulia kutafuta kutu. Kisha akakaa mbele, akazama kwenye kiti, akafumba macho kidogo.

"Hiki ni kitanda, si gari," alisema. "Na limetunzwa."

"Mume wangu alikuwa analiosha mwenyewe. Mimi sikuruhusiwa hata kulifuta vumbi."

Dereva akainama kwenye dashibodi. "Linakunywa mafuta, hilo najua. Ila kilomita hizi zinanishangaza. Si umesema mlikuwa wawili tu, na kazi yake ilikuwa hapo mtaa wa pili?"

"Alipenda kuendesha."

Mtu yule akataja bei. Ilikuwa nzuri kuliko zote nane zilizotangulia. Shemeji akabanduka getini mbio.

"Kalete watoto kwanza," alisema mjane.

"Wangu wameshaoa, mama. Niwalete na wake zao?"

Akaondoka akicheka, lakini geti alilibamiza.

"Shemeji," mdogo wa marehemu alisema, "wewe huuzi gari. Unaozesha binti."

"Ningekuwa naye, ningeozesha."

Shemeji akajutia ulimi wake. Miaka kumi na tisa ya ndoa, hospitali zote zile, sala zote zile, na ndani ya nyumba hiyo hakikuwahi kulia kitoto kichanga. Alipoongea tena aliongea pole pole.

"Nakuelewa. Ni kitu chake cha mwisho kilichobaki. Lakini tangu tumzike ni mwezi wa nne huu. Mvua inalinyeshea, betri imelala mara mbili. Mwenye nyumba anadai kodi yake, hatakuelewa kama ninavyokuelewa mimi. Kesho saa nne dalali anakuja kulichukua, kwa bei yake. Ulikubali mwenyewe."

"Nilikubali."

Familia zilizokuja kabla zilikuwa zinasimulia jambo moja. Wakati baba anapiga mateke matairi na kubishana na shemeji juu ya giaboksi, mjane hakusikiliza hata neno moja. Alifungua mlango wa nyuma kwa mkono wake, akawapandisha watoto, akasimama kuwaangalia. Alimwona mmoja aliyelamba kioo. Aliwaona mapacha waliopigania mahali pa kuegemeza mkono. Mwingine alilala usingizi papo hapo, akatokwa na mate kwenye ngozi. Kila mtoto, mjane alimuuliza swali moja, "Umekaa vizuri?" Wakishasema ndiyo, aliwateremsha, akamwambia baba yao kwamba atafikiria. Hakumpigia simu hata mmoja.

Majirani walisema msiba umemgeukia kuwa kijicho kwa watoto wa watu. Mke wa shemeji alisema anahitaji kuombewa. Mjane aliyasikia yote. Kuomba alikuwa anaomba, asubuhi na jioni, tena ombi moja tu.

Saa kumi na moja jioni, shemeji akiwa anavuta turubai kulifunika gari, aliingia mwanamke kijana. Alikuja kwa miguu. Kichwani alijifunga kitambaa cheusi, na mkononi alimshika msichana wa miaka kama sita.

"Tumekuja kuliangalia tu," alisema. "Hatutawapotezea muda."

"Karibu, dada. Nikufungulie boneti?"

"Hapana. Huyu ndiye anayetaka kuliona."

Hakuuliza bei. Hakuuliza gari ni la mwaka gani. Alisimama karibu na taa ya mbele, akaigusa kwa vidole viwili, akavitoa haraka.

"Huyu hana hata ya kununulia baiskeli," shemeji alinong'ona.

Mjane alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma. Msichana akapanda bila kusaidiwa, akasota hadi nyuma ya kiti cha dereva, akavuta mkanda, akaufunga. Ulimpita shingoni. Akapeleka mkono juu ya bega, akapapasa, akaangalia kwenye kiti, akaangalia chini.

"Umekaa vizuri?" mjane alimuuliza.

"Hapana. Unanikaba. Kibanio changu kiko wapi?"

"Nyamaza!" Mama yake alimrukia mkono amtoe. "Nisamehe, mama. Alikuwa analia kila siku alione gari. Tunaondoka. Nisamehe."

Mjane aliingiza mkono kwenye mfuko wa gauni lake, akatoa kibanio cha nguo cha plastiki, chekundu. Vya nyumbani kwake vyote vilikuwa vya mbao. Hicho alikikuta kimebana mkanda wa nyuma, siku alipoliosha gari hilo kwa mara ya kwanza, wiki moja baada ya mazishi.

Akainama ndani, akaushusha mkanda kutoka shingoni mwa mtoto, akaubana.

"Shemeji," alisema bila kugeuka, "mwambie dalali asije. Mwenye gari amefika."