Mwaridi wa Nne

Mwaridi wa tatu nao ulikuwa umenyauka, na wanaume wawili walikuwa wamechuchumaa mbele yake kama waganga waliochelewa.

"Nilikwambia tusubiri masika," alisema baba mwenye nyumba.

"Masika ndiyo yaliyoozesha ule wa kwanza, baba mkwe," alijibu mchumba wa bintiye, muuza miche aliyeitwa Profesa mtaa mzima. "Huu umeuawa na kiangazi."

"Na wa pili je?"

"Upepo."

Bila shaka. Isingekuwa upepo, ingekuwa mwezi mchanga.

Baba alikuwa ameapa mbele ya jamaa: binti yake haondoki mpaka mwaridi aliopandiwa mlangoni utoe ua. Profesa alikubali huku akicheka. Mtu aliyepanda nusu ya bustani za mji atashindwaje na shina moja? Sasa mwaka ulikuwa umekatika, na kitanda kipya alichonunua kilikuwa kinalaliwa na vumbi.

Binti alisimama kando na kopo la kumwagilia, macho chini. "Labda mkono wangu mzito."

"Usiseme hivyo, mwanangu," alisema mama yake. "Subira yavuta heri."

"Mche mchanga hauna makuu," Profesa aliwatuliza. "Ukihamishwa kwa wakati wake, haulalamiki." Alikuwa na miaka hamsini na tatu, na kweli, hakuna mche uliowahi kumlalamikia.

Wakajadiliana. Baba alihesabu miezi kwa vidole, akakosea, akaanza upya. Profesa alionja udongo kwa ncha ya ulimi, akafumba macho, akatema, akatoa hukumu: wiki ya pili ya vuli, jioni, ardhi ikishapoa. Mama akawasifu kwa elimu yao, akawaletea chai.

Vuli ikaingia, wakapanda wa nne. Baada ya wiki chache ukachipua, kisha ukatoa kitumba kimoja, kidogo kama punje ya mtama. Baba akatuma salamu kwa ndugu wote. Profesa akaenda kupimwa suti. "Msimu, jamani, msimu!" aliwaambia hata wasiomuuliza.

Kesho yake alfajiri binti alitoka nje akinyata, mkononi birika la maji yanayotokota.

Mama yake alikuwa ameshainama pale mlangoni, sufuria tupu ikifuka mvuke.

"Rudi ulale, mwanangu," alinong'ona. "Ile mitatu umeihangaikia peke yako. Huu niachie mimi."