Mapigo Hamsini na Nane

Mkewe alimruka pale alipolala, akaendelea kupanda.

"Unafanya nini hapo chini, baba watoto?" aliuliza kutoka juu.

"Nakagua sakafu," akajibu, shavu lake likiwa kwenye saruji ya ghorofa ya nne.

Mnara wa mazoezi wa kikosi cha zimamoto ulikuwa na ghorofa saba. Miaka ishirini na sita iliyopita aliupanda huku akipiga mluzi, mpira wa maji begani. Siku hizi mluzi ulitoka wenyewe kifuani. Wenzake walimwita Injini, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kueleza sababu: inatoa moshi, inakunywa mafuta, haiendi popote.

Daktari wa kikosi hakuona kichekesho. Alimshika mkono akiwa amekaa tu kitini, akahesabu mapigo themanini na nane.

"Nakupa miezi mitatu," alisema. "Ukiwa umepumzika, moyo upige chini ya sabini. La sivyo unashuka kwenye gari, unahamia meza ya simu."

Meza ya simu ilikuwa kwenye chumba kisicho na dirisha. Aliyekaa pale aliwaambia wenzake moto uko wapi, kisha akasikiliza gari likiondoka bila yeye. Injini aliweza kuvumilia kuitwa mzee, tumbo, hata gunia. Kusikiliza gari likiondoka, hilo hakuliweza.

Masharti yalikuwa mawili. Asipande mnara peke yake, asije akafia ngazini. Na kila alfajiri, kabla hajaweka mguu chini, mapigo yake yaandikwe kwenye daftari.

Yote mawili yalimwangukia mke, fundi cherehani. Siku tatu kwa wiki alipanda naye, chupa ya maji mkononi, na begani mpira wa maji pale mume alipouachia, yaani kuanzia ghorofa ya tatu. Na kwa kuwa vidole vya Injini viliungua zamani, ngozi ikawa ngumu kama soli, kuhesabu nako kukawa kazi ya mke. Alimbana kifundo cha mkono kwa kidole gumba, kama anavyobana kitambaa chini ya sindano, akatazama saa ya ukutani huku midomo ikienda.

Asubuhi ya kwanza: sabini na sita.

"Unaona?" Injini akasema. "Yule daktari alinitisha tu. Moyo wangu unapenda nyumbani."

Wiki ya tatu, sabini na moja. Wiki ya sita, sitini na sita. Hapo kichwa kikavimba. Siku ambazo mke yuko kwenye cherehani, yeye akaongeza mbio za barabarani, asubuhi na jioni.

"Pumzika hata leo," mke alimwambia. "Mwili unajijenga ukilala."

"Umeona nyumba gani iliyojengwa na mafundi waliolala?"

"Na wewe umeona saruji gani iliyokauka huku inakorogwa?"

Injini akafunga kamba za viatu, akaenda kukimbia.

Usingizi nao ukamkimbia, tena kwa mbio kuzidi zake. Chakula kikawa hakipiti. Aligombana na kila mtu, hata na mlango wa choo. Kufikia mwezi wa tatu alikuwa anauachia mpira ghorofa ya pili. Lakini daftari lilizidi kumpa moyo: sitini na mbili, sitini, hamsini na nane.

"Moyo umetangulia," aliwaeleza wenzake kituoni. "Miguu iko nyuma, inakuja."

"Inakuja kwa magoti," dereva wa gari akamjibu, na Injini akacheka kuliko wote, kwa sababu ilikuwa kweli.

Siku ya hukumu walikwenda wote wawili. Daktari alifungua daftari, akainua nyusi.

"Hamsini na nane? Huu ni moyo wa mkimbiaji."

"Sikutaka kujisifu," Injini akasema. "Ila wewe endelea tu."

Daktari alimlaza kitandani dakika kumi, akamshika mkono, akahesabu. Akahesabu tena.

"Tisini na nne."

Daktari alimgeukia mke. "Hebu mhesabu wewe, mama."

Mke alishika mkono wa kushoto, daktari akashika wa kulia. Dakika nzima Injini alilala katikati yao kama shuka linalogombewa.

"Hamsini na tisa," mke akasema.

"Tisini na tano," daktari akasema.

"Basi tuchukue wa kushoto," Injini akasema. "Ndiko moyo uliko."

Daktari hakucheka. Alikuwa anatazama mkono wa mke. "Mama, siku zote unamshika kwa kidole gumba?"

"Siku zote."

"Kidole gumba kina mshipa wake, tena wenye nguvu. Ukishika nacho, unahesabu mapigo yako mwenyewe."

Injini alitazama dari. Miezi mitatu ya kujitapa kituo kizima, na moyo wenyewe haukuwa wake. "Kwa hiyo," alisema, "nimejichosha hadi nimeongeza mapigo."

"Umejichosha hadi umeyaongeza," daktari akakubali. Alichukua kalamu, akalikata jina lake kwenye orodha ya gari, polepole, kwa heshima.

Injini akafumba macho, akasubiri pole. Alisikia droo ikifunguka, karatasi ikitolewa, na kiti cha daktari kikigeuzwa kuelekea upande wa pili wa kitanda.

"Sasa fomu hii ya kujiunga na kikosi," daktari akasema. "Mama, una miaka mingapi?"