Chungu Kilichonyweshwa Sabuni

Mbaraka alimrudishia mke wake mkubwa, Bi Zawena, chungu chake saa sita mchana, amekibeba kwa mikono miwili kama mtu aletaye zawadi. Juzi alikichukua bila kuomba, akampelekea mke wake mdogo aliyekuwa na wageni.

"Mama Siti, tazama kinavyong'aa! Mwenzio amekisugua kwa waya na sabuni ya unga."

Bi Zawena alikipokea, akakinusa. Chungu hicho alikikomaza kwa kuchemshia uji ndani yake siku alipoolewa, na kwa miaka ishirini hakukiosha ila kwa maji ya moto na makumbi ya nazi, kwani udongo hunywa kila unachopewa. Alikiteleka vilevile, akapika samaki wa nazi, akampakulia mumewe.

Mbaraka alimeza tonge moja, macho yakamtoka.

"Umetia nini humu?"

"Mkono wa mwenzangu. Kula."

"Aa, udongo tu huo, mke wangu! Kesho nitakuletea kipya."

"Ndiyo tabia yako. Cha zamani ukikiharibu, waleta kipya."

Alikiepua chungu na mchuzi wake, akamtia mikononi pamoja na kitambaa chembamba, akamsukuma hadi kizingitini.

"Kipeleke kwa aliyekinywesha. Nawe ule hukohuko."

Komeo likalia nyuma yake. Mbaraka alisimama uchochoroni, vidole vikimwungua, povu jeupe likitambaa juu ya tui. Hatua arobaini mbele aliuona mlango wa mke mdogo. Leo haikuwa zamu yake kumpokea, na kufuli lilikuwa likining'inia mlangoni.