Masikio Makali ya Bunju

Mgeni alipiga hodi mara moja, akaingia bila kusubiri karibu. Alikuwa mzee mrefu aliyevaa koti, na jua la saa nane mchana lilikuwa limemlowesha jasho.

Watu watatu waliokuwa ndani ya kibanda cha fundi redio hawakumwona mara moja. Walikuwa wanabishana juu ya hedifoni.

"Besi yake nzito kama uji wa msibani," alisema Gervas, muuza kava za simu.

"Na mie nasema haina tofauti na hii yangu ya Kariakoo," alijibu Mwalimu Tusajigwe, mwanamke pekee mle ndani. "Nyie mnasikiliza bei, hamsikilizi muziki."

Allen, mwenye kibanda, alikuwa anaifuta hedifoni yake mpya kwa pindo la shati. Aliisubiri miezi minane. Kabla haijafika, kundi lao la WhatsApp, Masikio Makali, lilishaibishania mpaka watu wakanuniana, ingawa hakuna aliyewahi hata kuishika. Ili aipate, Allen aliuza pikipiki yake. Tangu Jumatatu anatembea kwa miguu, na anatabasamu njia nzima.

Mwalimu alishayasema maneno hayo siku hedifoni ilipofika, nayo ndiyo yaliyomponza Allen. Yalimchoma, akaandika ahadi kundini: ataweka wimbo mmoja wa dansi wa miaka ya sabini, alioutoa kwenye kanda ya marehemu baba yake, wimbo anaoujua kuliko namba yake ya simu. Yeyote atakayesikia humo kitu ambacho yeye Allen hajawahi kukisikia, ataondoka na hedifoni. Watu tisa walishajaribu. Hakuna aliyeambulia.

"Shikamoo mzee," alisema Tusajigwe, wa kwanza kumwona mgeni.

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Albano, natoka Segerea. Mjukuu wangu kanionyesha ahadi yenu kwenye simu. Nikaona na jina la wimbo."

Gervas alikuwa ameinamia nyaya. "Segerea ya nje au ya ndani, mzee?" akatania.

Mzee hakujibu. Alikuwa anamtazama mwalimu tu. Gervas akaona aibu. Utani wa gereza haumfai mtu mwenye koti.

Tusajigwe akamweleza masharti taratibu, neno kwa neno, kama anavyowafundisha darasa la kwanza. Mzee aliitikia kila sharti.

"Mwalimu kapata mchumba," Gervas akanong'ona.

Allen akamvisha hedifoni, akawasha. Mzee aliibana kwa viganja vyote viwili, akafumba macho. Baada ya muda akatabasamu. Mkono mmoja ukashuka, vidole vikaanza kupiga goti.

Katikati ya wimbo umeme ukakatika. Feni ikasimama, na wimbo nao. Vidole vya mzee havikusimama. Viliendelea na mapigo yale yale, bila kuwahi wala kuchelewa, mpaka pale wimbo ulipopaswa kuishia.

"Huyu ndiye msikilizaji," Allen alisema kwa heshima. "Sie wengine tunasikiliza kwa umeme."

Mzee akafumbua macho. "Hii inafika mpaka kwenye meno," alisema.

Gervas akatoa simu haraka, akaandika kundini: Inafika mpaka kwenye meno. Ndani ya dakika moja watu wanne walikuwa wameshakubaliana naye.

Tusajigwe akamwelekea mzee. "Na umesikia nini?"

"Tarumbeta inaponyamaza mara ya pili, kuna mtu anakohoa."

Gervas akacheka. Allen hakucheka. Umeme uliporudi alivaa hedifoni, akaurudisha wimbo nyuma. Tarumbeta iliimba, ikanyamaza. Ikaimba tena, ikanyamaza.

Kikohozi kilikuwepo. Kidogo, kikavu, kama kijiti kinachovunjwa chumba cha pili. Tangu utotoni alikuwa anakipita bila kukisalimia.

Akampa Tusajigwe asikilize. Akampa Gervas. Wote wakakisikia.

"Ile ahadi niliipiga picha ili usije ukaikana," mwalimu alisema kwa sauti ndogo. "Lakini Allen, sikutaka ifike huku. Na pikipiki yako je?"

"Pikipiki imeshaenda."

Akaipanga hedifoni kwenye boksi lake, polepole, akaukunja waya kama alivyoukuta siku ya kwanza. Kisha akajitolea kumsindikiza mzee. Boksi alilibeba yeye. Alijiambia ni heshima, mzee asibebe mzigo. Ukweli ni kwamba alitaka kukaa nalo mpaka barabarani.

Hawakuwa wamefika mbali bodaboda ilipokuja nyuma yao ikipiga honi. Ikapiga tena. Ikapiga mfululizo. Mzee Albano alizidi kutembea katikati ya njia, ametulia kama mtu aliye kwenye ua wake. Allen alimvuta koti, na pikipiki ikapita ikiwaachia vumbi na tusi.

"Mzee, honi yote ile hukuisikia?"

Mzee aligeuka, akamtazama midomo. "Rudia, mwanangu. Masikio yaliniaga mwaka juzi, yote mawili."

Allen alisimama, boksi kwapani. "Sasa kile kikohozi ulikisikiaje?"

"Sikukisikia," alisema mzee. "Nilikikohoa. Siku tunaurekodi nilikuwa kwenye ngoma za tumba, nyuma ya tarumbeta. Leo nilitaka tu kuushika ule wimbo mara moja. Hiyo ni yako, baki nayo."

Allen akazunguka, akasimama mbele yake ili midomo yake ionekane vizuri.

"Ahadi ni ahadi, mzee wangu," alisema, akampa boksi kwa mikono miwili.